Raha ya Kuchora Bila Kusomea: Ushauri kwa Mchoraji wa Visiwa vya Lamu

Wako watu wengi katika visiwa vya Lamu ambao wangependa kuchora na hawachori. Yupo nahodha aliyestaafu anayekaa barazani akitazama maji, mama anayeshona kofia, kijana wa mashua anayengoja abiria wa Manda, msichana aliyemaliza shule na bado anatafuta kazi. Ukiwauliza kwa nini hawachori, jibu lao ni moja: sikusomea. Makala haya nimewaandikia wao.

Aliyekwenda chuo cha sanaa ana ratiba, ana mtihani, ana mwalimu wa kumsukuma siku ya uvivu. Anayejifundisha mwenyewe hana hata kimoja kati ya hivyo. Kinachomrudisha kwenye karatasi yake kesho ni kwamba leo alifurahi. Raha ikikatika, na masomo yamekatika. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa, hata ule wa brashi na rangi, unahusu jambo moja: namna ya kuipata raha ya kuchora, kuikuza na kuilinda.

Hii si njia ngeni Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, hakusomea uchoraji. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na vibarua vya namna nyingi Dar es Salaam, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hardibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, muda mfupi tu tangu aanze, lakini mtindo wake umeendelea kulisha familia nyingi hadi leo na jina lake limekuwa jina la mtindo. Jak Katarikawe wa Uganda alikuwa dereva Kampala kabla ya kuwa mmoja wa wachoraji wanaoheshimiwa sana Nairobi, alikofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake wenye macho ya upole na rangi zinazoyeyukiana hazikutoka katika kitabu cha kanuni. Zilitoka kwa mtu aliyekuwa akifurahia alichokuwa akikifanya.

Anza na sanaa iliyokuzunguka

Jambo la kwanza ni kuondoa fikra kwamba sanaa iko Nairobi au Ulaya, nawe uko mbali nayo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nao umejaa kazi ya mikono ya watu waliojifunza barazani na karakanani. Tazama ukuta wa zidaka katika nyumba ya kale, jinsi fundi alivyochonga lipu kwa mistari inayojirudia bila kuchosha. Tazama mlango wa mbao, kizingiti chake cha juu na mfaa wake wa katikati, na maua yanayopanda yakifuatana. Nenda Siyu, kisiwani Pate, mji ambao katika karne za 18 na 19 waandishi wake walinakili misahafu na kuipamba kwa wino mwekundu, mweusi na manjano. Tazama macho ya duara yanayowekwa kwenye omo la jahazi. Tazama mkeka wa miyaa uliotiwa rangi kabla ya kusukwa.

Mfano mkubwa zaidi wa hapa kwetu ni Muhamadi Kijuma, mtu wa Lamu aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1945. Alitunga mashairi, alinakili tendi kwa mwandiko mzuri wa Kiarabu, alichonga milango na alipiga ala za muziki. Wataalamu wa Ulaya walimtegemea kupata miswada ya Kiswahili, na baadhi ya aliyoinakili imehifadhiwa London. Mkono ulioandika herufi ndio uliochonga ua la mlangoni. Mtu wa namna hiyo hakujiuliza kama ana ruhusa ya kugusa fani ya pili au ya tatu. Alikuwa na hamu, na aliifuata.

Kwa hiyo zoezi lako la kwanza liwe hili: chagua pambo moja, mlangoni au kwenye kidaka, ulichore kwa penseli jinsi ulivyoliona. Pambo halisogei, halilalamiki, na mistari yake inajirudia, hivyo unapoukosea mstari wa kwanza utapata nafasi ya kuusahihisha katika wa pili. Mkono utatulia. Na utagundua jambo ambalo linampendeza kila anayeanza kuchora, kwamba mlango uliopita mbele yake maisha yako yote hukuwahi kuuona sawasawa hadi leo.

Vifaa: tumia vilivyo karibu

Usisubiri upate turubai na rangi za bei ghali. Daftari lisilo na mistari, penseli laini na kifutio vinakutosha kwa miezi ya mwanzo. Baada ya hapo nunua rangi chache: nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na kahawia. Rangi tano zitakufundisha kuchanganya, na kuchanganya ndiko kwenye utamu. Mwenye rangi 24 hupaka kama zilivyotoka kwenye kopo, lakini mwenye tano analazimika kuitafuta rangi anayoitaka, na siku anapoipata furaha yake ni ya mtu aliyevua samaki mwenyewe.

Mabaki ya hapa yanafaa sana. Kitambaa cha tanga kuukuu ni kigumu na kizuri kwa rangi, na mafundi wa Lamu wamekwisha kuonyesha kwamba picha na maandishi juu ya tanga hupendwa na watu. Kifue kwa maji baridi kitoe chumvi, kikauke kivulini, ukikaze kwenye fremu ya mbao, kisha ukipake mkono mmoja au miwili ya rangi nyeupe ya maji, ile ya kupakia ukuta, kabla ya kuchora. Mbao za vyombo vikuukuu nazo ni nzuri, ila zina chumvi na mafuta mengi ndani yake. Ubao uliowahi kupakwa mafuta ya sifa au deheni haushiki rangi mpaka uoshwe vizuri, ukae siku nyingi kivulini, upigwe msasa na ung'olewe misumari, kwa sababu kutu ya msumari itapenya na kutia doa picha yako.

Rangi za mafuta za duka la vifaa vya ujenzi zinang'aa na zinavumilia, ndizo ndugu wa zile alizotumia Tingatinga. Tabu yake ni kwamba zinachelewa kukauka wakati wa mvua, na upepo ukiwa mkali zinaokota mchanga. Zitumie ndani, dirisha likiwa wazi ili usivute harufu yake. Rangi za maji na za akriliki zina tabia tofauti: kwenye upepo wa kaskazi hukauka mara moja, hata kwenye brashi. Nyunyiza maji kidogo kwenye sahani yako ya kuchanganyia na ufanye kazi kivulini. Brashi ioshe siku hiyo hiyo, uilaze, usiiache imesimama kichwa chini ndani ya kopo.

Wengine hupenda kutumia bizari ya manjano, hina au masizi. Masizi yakichanganywa na gundi hutoa weusi wa kudumu. Manjano na hina hupendeza, lakini jua huzifubaza, hivyo zitumie katika daftari linalofungwa, si katika picha ya ukutani. Na usiegemeze karatasi kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuta hizo huvuta unyevu na kutoa chumvi, na karatasi itaota ukungu kabla ya mwaka kwisha. Iweke juu, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na sakafu.

Jua la Lamu na saa zake

Visiwa hivi viko takriban digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, vivuli vimejificha chini ya vitu, na kila ukuta mweupe unaumiza macho. Mwanafunzi anayetoka kuchora saa hiyo hurudi amekata tamaa akidhani hana kipaji, kumbe hata fundi angetaabika. Toka saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, au rudi saa kumi alasiri hadi magharibi. Saa hizo jua limelala, ukuta una upande wa mwanga na upande wa kivuli, na umbo la kitu linajieleza lenyewe.

Mchana usiupoteze. Ingia Usita wa Mui au vichochoro vya Mkomani, ambako nyumba zimekaribiana kiasi cha kuacha ukanda mwembamba wa mbingu. Humo mwanga wa mchana huteremka ukutani taratibu, na utaona kwamba kivuli si cheusi. Katika kivuli cha ukuta wa chokaa kuna buluu, wakati mwingine zambarau, na karibu na ardhi kuna wekundu wa mchanga unaorudisha mwanga juu. Kwa hiyo usitie nyeusi kwenye kivuli. Chukua nyeupe yako, ongeza buluu kidogo na kahawia chembe, upake. Siku kivuli chako cha kwanza kitakapokaa sawa, utatembea mjini ukiwa na macho mapya.

Hali ni hiyo kwa mikoko. Kijani cha kopo ni kikali mno. Changanya manjano na buluu, kisha tia nyekundu kidogo sana ipooze, na utaona msitu wa mkondoni unajitokeza. Kumbuka pia kwamba maji kupwa na maji kujaa ni mandhari mbili tofauti. Ukianza picha ya ufuo maji yamejaa, chora kwanza mstari wa maji, maana baada ya muda wa saa sita utakuwa umehama wenyewe.

Chora unachokijua

Wengi huanza kwa kunakili picha za simu za milima yenye theluji. Nakushauri uchore kitu ambacho mwili wako unakijua. Ikiwa umepanda jahazi, unajua kwamba mlingoti wake umelalia mbele, kuelekea omo. Kwamba foromali ndiyo inayobeba tanga. Kwamba joshi na demani zinavutwa kila moja kwa kazi yake. Picha nyingi za kuuzwa huchora mlingoti uliosimama wima kama nguzo ya umeme, na kila baharia anayeiona anajua aliyeichora hajawahi kuweka tanga. Kalafati wa Matondoni akichukua penseli, ana elimu ambayo hakuna chuo kitakachompa. Vivyo hivyo msukaji wa mikeka anajua rangi zinavyokaa pamoja, na mshona kofia anajua kupanga nukta ndogo kwa subira.

Kisha, rudia. Chagua kitu kimoja, tuseme punda aliyefungwa mbele ya fundi, na umchore tena na tena kwa mwezi mzima, kwa dakika chache kila mara. Usisafishe mchoro wa jana. Andika tarehe chini yake na uende ukurasa mpya. Mwisho wa mwezi ufungue ukurasa wa kwanza na wa mwisho uzilinganishe. Hakuna cheti kitakachokufurahisha kuliko tofauti utakayoiona, kwa sababu umeileta mwenyewe.

Ukipata nafasi ya kuwatazama wengine wakichora, itumie. Tangu mwaka 2011 Shela imekuwa na Tamasha la Wachoraji la Lamu, lililoanzishwa na Mjerumani Herbert Menzer, ambalo huwaleta wachoraji wa nje na wa Kenya kuchora hadharani, ufuoni na vichochoroni. Simama nyuma yao kwa adabu. Usitazame picha tu, tazama mkono na macho: mara ngapi wanainua kichwa, jinsi wanavyofinya macho kupunguza mambo wanayoyaona, rangi gani wanaanza nayo. Chukua mbinu, uache mtindo. Mgeni anachora Lamu aliyoifikia wiki iliyopita. Wewe una Lamu ya miaka yako yote.

Watu, adabu na imani

Mji wetu ni mji wa stara. Usimchore mtu aliyekaa barazani kwake bila kumsalimu na kumwomba, na mwanamke hasa asichorwe bila idhini yake, hata kwa mbali. Ukikataliwa, shukuru na uende zako. Ukikubaliwa, mwonyeshe mchoro ukimaliza. Mzee aliyeona ndevu zake kwenye daftari lako atakuwa mlinzi wako mtaani, na watoto hawatakusumbua.

Wapo pia ambao dini yao inawafanya wasite kuchora viumbe vyenye roho. Suala hilo lina wanavyuoni wake, na kila mmoja ana wa kumuuliza. Ninaloweza kusema ni kwamba asite au asisite, mlango wa sanaa haujafungwa kwake. Mapambo ya zidaka, misahafu ya Siyu na milango ya Lamu ni ushahidi wa karne nyingi kwamba mstari, jani, duara na herufi vinaweza kubeba kipaji cha maisha mazima. Bahari, majumba, vyombo, minazi na magofu ya Takwa kisiwani Manda havitaisha kuchorwa.

Soko lisikuibie mkono

Hapa ndipo wachoraji wengi wa kujifundisha hupotezea raha yao. Picha ya kwanza inauzwa kwa mtalii: jahazi, jua linalozama, punda. Wiki inayofuata anataka nyingine kama ile, na ya tatu kama zile mbili. Hakuna ubaya katika kuuza, kwani watoto wanakula na rangi inanunuliwa. Ubaya unaanza pale mkono unapochora jua lile lile bila macho kutazama. Mchoraji anaacha kujifunza bila kujua, na baada ya muda kazi inamchosha kuliko kubeba mawe.

Dawa yake ni ratiba mbili. Weka siku za picha za kuuza, uzifanye kwa uaminifu na usafi. Kisha weka siku moja kila wiki ya picha yako, ambayo hakuna aliyeiagiza na si lazima mtu aione. Siku hiyo jaribu usichokiweza: mvua inayokuja kutoka baharini, taa ya duka usiku, mikono ya bibi akichambua mchele. Usiitangulizie bei. Mara nyingi picha ya siku hiyo ndiyo itakayokuja kukupa wateja wa namna mpya, lakini hata isipouzwa imekwisha kulipa, maana imekurudishia hamu.

Na bei ikifika, iseme bila haya. Hesabu rangi, kitambaa na siku zako. Anayejifundisha hujishusha kwa sababu hana cheti. Mnunuzi hanunui cheti.

Siku ambazo raha haipo

Zitakuja siku ambazo kila mstari unaudhi. Siku hizo usichome kazi zako wala usiape kuacha. Punguza kazi: osha brashi, paka vitambaa rangi nyeupe ya mwanzo, changanya rangi na uzipange kwenye karatasi bila kuchora chochote. Au toka na penseli peke yake, uchore kwa dakika kumi kitu kilicho mbele yako, urudi. Aghalabu uchovu hutokana na kutaka picha kubwa ikamilike upesi. Ukijipa kazi ndogo inayomalizika, mkono unafurahi tena.

Jihadhari pia na kujilinganisha. Simu inatuonyesha kila saa kazi za watu waliochora miaka 30. Jilinganishe na daftari lako la mwezi uliopita. Na tafuta wenzako wawili au watatu. Tingatinga hakuchora peke yake. Ndugu na marafiki walikaa naye wakajifunza kwa kutazama, na ndiyo sababu mtindo haukufa naye. Mkutane siku moja, baraza moja, kila mtu achore kitu kimoja kile kile, mfano kasha la zamani au chungu, kisha mweke michoro sakafuni na muitazame. Kila mmoja atakuwa ameona jambo ambalo wenziwe hawakuliona. Muwe na kanuni moja: kabla ya kusema kasoro, taja unachokipenda.

Wazazi nao nawaomba wasikie. Mtoto anayechora pembeni mwa daftari la hesabu hajapotea. Mnunulieni daftari la pili la kuchorea, na la hesabu libaki la hesabu. Walimu wa Faza, Siyu, Kizingitini na Lamu mjini, mnaweza kuwapeleka wanafunzi kuchora mlango au chombo kwa saa moja. Haigharimu ila penseli.

Nawe uliyesema hukusomea, fanya jambo moja kabla ya Ijumaa ijayo. Pata daftari na penseli, toka asubuhi jua likiwa chini, uchague mlango mmoja ulioupita tangu utotoni, uuchore mpaka uchoke. Usimwonyeshe mtu. Siku ya pili, rudi. Ukiona umerudi kwa sababu ulipenda, basi umekwisha kuwa mwanafunzi, na masomo yako yameanza.